Karatasi ya nyota ya Goma: mama fundi wa Mabanga ameinunua, haya ndiyo maoni yake

Kwa mnaouliza juu ya ile karatasi ya nyota ya mji wetu wa Goma, inayosoma tabia na bahati ya mji kwa unajimu kama vile mji ni mtu, na inayouzwa kwenye vibanda vya kuchapisha huku mtaa wa Birere: ninayo. Imetundikwa kwenye kibanda changu cha kushonea, juu ya cherehani, na kila mteja anayengoja kupimwa lazima aisome kwa sababu hakuna kingine cha kusoma. Kwa hiyo maoni haya si yangu peke yangu.

Bei ni dola tano na fremu, tatu bila fremu. Kijana aliyeniuzia aliinua noti yangu juani, akapapasa kona zote nne akitafuta mpasuko, na huku anaendelea kunishawishi: "Mama, muji nayo iko na nyota yake, sawa vile mutu." Nikamwambia, mwanangu, mtu ana siku aliyozaliwa, Goma ilizaliwa lini? Hapo ndipo alipoipata pesa yangu, maana alikuwa na jibu. Hakuhangaika na Wabelgiji na kituo chao cha kikoloni. Alichukua tarehe 17 Januari 2002.

Wa hapa hatuhitaji kuelezwa. Alhamisi ile mlima wetu wa volkano, Nyiragongo, ulipasuka ubavuni, lava ikashuka mpaka katikati ya mji, ikapanda kwenye njia ya ndege, ikala maduka na nyumba, ikaishia ziwani. Mji tunaoukanyaga leo umesimama juu yake. Kwa hesabu ya wanajimu, siku hiyo jua liko kwenye Jadi, yaani Mbuzi. Na kijana amekwenda mbele zaidi: volkano ya 1977 nayo ilishuka Januari, tarehe 10. Mbuzi tena. Mimi nimekaa Goma maisha yangu yote na sikuwahi kuziweka tarehe hizo mbili pamoja.

Aya ya Mbuzi ndiyo iliyoandikwa kwa akili kuliko zote. Wanajimu wanasema ni nyota ya udongo, inatawaliwa na Zohali, sayari ya subira na kazi ngumu. Mtu wake ana kichwa kigumu, hapendi aonekane anaumia, yeye ni kupanda tu. Kijana ameyaleta hayo nyumbani: ameandika kwamba Goma hailii juu ya jiwe, inalivunja na kuliuza. Hilo ni kweli tupu. Tuliporudi kutoka Gisenyi, mji wa Rwanda ng'ambo ya mpaka, mwaka ule wa 2002, jiwe lilikuwa bado linatoa joto kwenye nyufa, na tayari kulikuwa na mzee ameshapanga mbao zake juu, anapiga misumari. Msingi wa kibanda changu ni mawe hayo hayo meusi. Nilinunua kwa mama mmoja aliyeyaponda kwa nyundo na mtoto mgongoni.

Basi mbona chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma mizigo, haimo? Mji wa Mbuzi, mji wa kubeba na kupanda, mji ambao umemjengea msukuma chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya barabara, halafu unaandika tabia yake bila chukudu? Ningekuwa mimi ningeanza nayo.

Ukishuka chini kidogo unaona wazi pale kijana alipochoka akaanza kunakili. "Katika mapenzi, epuka Hamali." Mji uepuke Hamali namna gani? "Mwaka huu utapata cheo kazini." Goma itapandishwa cheo na nani? Aya tatu za namna hiyo zimetoka kwenye nyota za watu, zile zinazosomwa redioni asubuhi, na hakujisumbua hata kubadilisha "wewe" kuwa "mji". Dola moja kati ya tano zangu naidai kwa ajili ya aya hizo.

Jambo lingine, na hili tumelibishania sana kibandani: kwa hesabu yake mji huu hauna nyota ya moto hata moja. Nyota za moto ni Hamali, Simba na Mshale. Sisi tumepewa udongo mara mbili, na upepo mara moja kwa ajili ya 2021, nitafika huko. Mji ulio chini ya kreta iliyobeba ziwa la lava miaka na miaka, tuambiwe asili yetu ni udongo? Dereva mmoja wa pikipiki aliyeleta suruali kupunguzwa akasema upepo unafaa, juu ya mazuku. Sikuwa nimeliwaza hilo. Mazuku ni ile hewa nzito ya kaboni inayotoka ardhini na kujikusanya kwenye mashimo na mabonde, haina harufu, na inaua mbuzi na watu. Upepo kweli, tena wa kwetu. Karatasi haisemi neno juu yake.

Sasa aya ya Mapacha, ambayo watu wanaisoma kwa sauti. Mei 22, 2021, Jumamosi jioni, mbingu ikawa nyekundu na watu wakabeba magodoro. Lava ilisimama pembezoni mwa mji, upande wa Buhene, lakini siku chache baadaye tuliambiwa mitaa kumi ihame, wengine wakaenda Sake, wengine wakapanda mashua ya Bukavu. Mwishoni mwa Mei jua liko Mapacha, na kijana hakuhitaji kutafuta pacha mbali: ni Gisenyi. Miji miwili, ziwa moja, mpaka unapita kati ya ukuta na ukuta. Wakubwa wakigombana barriere inafungwa, na ikifunguliwa tu akina mama wa vikapu ndio wa kwanza kuvuka. Ameandika kwamba ni ndugu wanaonuniana asubuhi na kuazimana chumvi jioni, na wateja wangu wote wanacheka papo hapo, hata wale ambao hawacheki na Gisenyi.

Mteja wangu mmoja wa siku nyingi, Mama Mukubwa tunavyomwita, hataki Mbuzi wala Mapacha. Yeye anasema Goma hii ilizaliwa Julai 1994, watu karibu milioni moja walipovuka kutoka Rwanda kwa siku chache, kambi zikajaa Kibumba, Katale na Mugunga, na kipindupindu kikaua maelfu. Katikati ya Julai ni Saratani, yaani Kaa, nyota ya mama na nyumba. "Muji yenye ilipokea batu bote bale haiwezi kuwa mbuzi," akasema, kisha akataka nimpunguzie bei ya kushona kwa sababu ya hoja yake. Sikumpunguzia, lakini naona ana haki. Ningelipa zaidi kwa karatasi yenye Kaa ndani.

Novemba 2012 na Januari 2025, zile za bunduki, hazimo. Wasomaji wanaliona mara moja, wananyamaza, nami nanyamaza. Kijana naye ana watoto. Silihesabu kuwa kosa.

Juu ya kitu chenyewe: karatasi ni nyepesi mno, na plastiki imeanza kuvimba upande wa pasi. Jua la mlangoni limekula rangi nyekundu, kwa hiyo volkano sasa ni ya waridi na ndevu za mbuzi zimekuwa kijani. Kona moja ya fremu iliachia, nimeibana kwa pini za kushonea. Maandishi ya chini ni madogo hata kwa mimi ninayetunga uzi kwenye sindano kutwa nzima. Mwambieni achapishe kwenye karatasi nene na afute zile aya tatu, nafasi itatosha.

Na kama unainunua ili ujue mlima utafanya nini, acha pesa mfukoni. Kwa hilo wako watu wa OVG, kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, na rangi zao za tahadhari, kijani, njano, chungwa na nyekundu.

Anauza pia ya Bukavu. Hiyo msichukue. Ameiita Samaki kwa sababu ya ziwa tu, bila tarehe hata moja, na kwa hesabu hiyo na sisi tungekuwa Samaki. Shemeji yangu anayekaa Kadutu, huko huko Bukavu, aliisoma yote, akauliza kama aliyeiandika amewahi kupanda mlima wa kwao na bidoni ya maji, akairudisha mezani.