Pampasi za kufua za mbwa jike: nimezitumia hiti ya kwanza ya Kashata, haya ndo maoni yangu

Wadau wenye vimbwa vidogo vya ndani hii inawahusu. Nimenunua pampasi za kufua za mbwa jike, zile za kitambaa zinazouzwa pakti ya tatu tatu, kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni hapa Dar (jina naliacha maana kuna mahali nitamsema), na nimezitumia mwanzo mpaka mwisho wa hiti (kile kipindi jike anatoka damu na kuwa tayari kupandwa) ya kwanza ya Kashata. Kashata ni mbwa wangu, Maltese (aina ya kimbwa kidogo cha manyoya marefu), kilo tatu na kidogo, mwaka bado hajafikisha. Jibu fupi: kwa kulinda sofa na mashuka ziko poa sana, nunua. Kwa kuzuia mimba ni uongo mtupu, na hapo ndo nina ugomvi na tangazo lao.

Tuanze na saizi maana ndo watu wengi wanapigwa. Tangazo linapanga saizi kwa kilo, we achana na kilo, chukua futi ya fundi cherehani upime kiuno pale mbele kidogo ya miguu ya nyuma, mbwa wa manyoya unamuona mnene kumbe chini ya nywele hamna kitu. Halafu mzigo wa kwanza waliniletea mikanda ya dume! Ile inayozunguka tumbo tu, wanavishwa madume wanaokojoa kila kona ya nyumba, nyuma iko wazi kabisa, sasa kwa jike inasaidia nini? Nikapiga simu, dada wa huko ananiambia "mpendwa zote ni sawa tu". Sio sawa. Ya jike ina tundu la mkia na inafunika huku nyuma kwenyewe. Walinibadilishia bila kelele, ila hela ya boda ya kurudisha ilinitoka mimi.

Sasa kitu chenyewe. Ndani kuna tabaka la kunyonya, nje kitambaa kisichopitisha maji, kwenye mapaja lastiki laini, kiunoni inafunga kwa velkro. Kunyonya inanyonya vizuri kwa sababu kwa kweli damu ya kimbwa kidogo ni matone, sio mafuriko, kuna siku unaweza usione kabisa maana wenyewe wanajilamba sana. Velkro ndo shida. Inakamata manyoya balaa, ukiifungua haraka mbwa analia na akishalia mara mbili siku ya tatu akiiona tu anaingia chini ya kitanda. Nilimpeleka kupunguzwa nywele za nyuma na za kiunoni, hapo tukaelewana. Na kwenye kufua funga velkro kwanza, la sivyo inabeba uchafu wote wa beseni na haishiki tena.

Kufua ni maji ya baridi, ya moto yanaigandisha damu kwenye kitambaa haitoki milele, sabuni ya kipande ya kawaida inatosha, jik hapana na ile dawa ya kulainisha nguo hapana pia, kitambaa kinaanza kukataa kunyonya. Pakti moja ya tatu haitoshi kama umeme na maji kwenu ni kama kwetu. Mimi nilikuwa naweka pedi ya kike ya kawaida isiyo na manukato ndani yake, inashikilia vizuri tu, unatupa pedi unabaki na pampasi safi, na kwa hesabu yangu ilinisaidia sana kuliko kununua pakti nyingine. Kuna wanaotoboa tundu la mkia kwenye pampasi ya mtoto mchanga, inafanya kazi, ila ile pamba ya ndani ikitokeza anaweza akaitafuna na hicho sio kitu cha kumeza, kwa hiyo ukitoboa zungushia plasta pale kwenye tundu.

Jambo ambalo kwenye maelezo yao hakuna kabisa na lilitakiwa liwepo: mbwa asikae nayo kutwa. Kwa joto la Dar na unyevu huu, kila baada ya masaa matatu manne unavua, unampangusa kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, unamkausha, unamuacha akae hivohivo kwenye sakafu apate hewa. Kila akienda kujisaidia pia unavua. Asipopata hewa anaanza wekundu na upele mapajani, na akishaanza kujikuna hapo umeongeza tatizo juu ya tatizo.

Haya, ugomvi wangu. Kwenye tangazo wameandika kwa herufi kubwa eti "MWISHO WA MIMBA ZISIZOTARAJIWA". Jamani. Hii ni nguo. Dume akidhamiria anaichana au anaivuta pembeni dakika moja, na jike mwenyewe siku zikifika anaivua kwa meno. Kibaya zaidi ni kwamba mtu akiamini tangazo atakuja kulegea siku mbaya kuliko zote. Hiti inakwenda wiki mbili mpaka tatu, wengine inafika nne. Wiki ya kwanza na kitu uke unavimba na damu inatoka, madume wanakuja ila jike mwenyewe anakaa chini au anawang'atia meno, hataki. Baada ya hapo damu inapungua, inakuwa kama maji yaliyooshewa nyama au inakauka kabisa, uvimbe unalainika, na mtu anasema ahaa imeisha, anavua pampasi anamuachia uani. Kumbe ndo anaanza kupokea! Utamuona ukimgusa mgongo karibu na mkia anausogeza mkia pembeni na kusimama tuli. Siku hizo ndo za kumfungia ndani, na kutoka ni kwa kamba hata kama ni uani kwako na una ukuta. Mbegu za dume zinakaa hai siku kadhaa ndani ya jike, na uzao mmoja unaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja, kwa hiyo usijidanganye eti ilikuwa mara moja tu. Na mkikuta wameshanasana msiwamwagie maji wala kuwavuta, mnawaumiza wote wawili, subirini waachane wenyewe halafu mpigie daktari wa mifugo.

Kwetu Tabata mbwa koko walipiga kambi getini usiku, wanapigana, mlinzi anarusha mawe mpaka jirani kalalamika. Pampasi haikupunguza hata mmoja. Muuzaji alinishauri ninunue na spreyi ya kuficha harufu, nikanunua, koko wakaongezeka (sisemi spreyi ndo iliwaita, ila haikuwafukuza). Hiyo okoa hela yako. Kilichosaidia ni kuacha kumtoa mbele, choo chake kikawa nyuma ya nyumba, na pale alipokojoa tunamwaga maji. Na hakikisheni chanjo ya kichaa cha mbwa iko sawa kabla, na koko wa mtaani wanaong'atana getini kwako sio wa kucheza nao.

Kwenye tabia, Kashata alikuwa mpole kupita kiasi, anakula nusu, anakojoa kila mara, anataka kulala miguuni kwa mtu. Kawaida hiyo. Msimpe Panadol wala ibuprofeni mkidhani tumbo linamuuma, dawa za binadamu zinaweza kumuua mbwa wa saizi hii.

Daktari wetu alisema kumfunga kizazi tusubiri kama miezi miwili mitatu baada ya hiti kuisha, kwa sababu wakati wa hiti mishipa ya huko inakuwa imejaa damu na upasuaji unakuwa na damu nyingi. Katika wiki hizo za kusubiri akianza kunywa maji kupita kawaida, anazubaa, anatapika au unaona usaha unatoka, hapo usifungue begi la pampasi, mkimbize hospitali siku hiyohiyo, kizazi kinaweza kuwa kimepata maambukizi na kujaa usaha kwa ndani na hiyo inaua.

Kwa hiyo nyota nne kwa bidhaa, mbili kwa muuzaji. Kama mbwa wako yuko chini ya kilo tano, agiza XS lakini uwatumie kipimo cha kiuno kwa sentimita na uandike JIKE, YENYE TUNDU LA MKIA, halafu uombe picha ya mzigo kabla boda hajatoka. Rangi chukua nyeusi au nyekundu, ile ya pinki doa linaonekana hata baada ya kufua. Wenye majike wakubwa wa nje, boboeli na jamaa zake, hizi hapana, atairarua asubuhi ya kwanza, nyie jengeni banda lenye komeo na paa.