Darasa la maadili la Dr. Strangelove: nyota nne, kisha tukafika kwa Turgidson

Nililipia darasa la mtandaoni la kuisoma Dr. Strangelove, komedi ya Stanley Kubrick ya 1964 kuhusu vita vya nyuklia, kwa jicho la falsafa ya maadili. Ilikuwa majuzi tu. Saa ya kwanza ningewapa nyota nne bila kusita.

Kisha Jenerali Turgidson akaanza kumshawishi rais wa Marekani wawashambulie Wasovieti kwa nguvu zote: ama wafe watu milioni 20, ama milioni 150. Mwalimu akasimamisha filamu papo hapo, akatuwekea treni iliyofeli breki, "mfano wa mwanafalsafa Philippa Foot wa 1967", tupige kura nani angegeuza swichi ya reli ili afe mtu mmoja badala ya watano.

Jamani! Kwa Foot anayechagua ni dereva. Mpita njia mwenye swichi aliletwa baadaye na mwanafalsafa mwingine, Judith Jarvis Thomson. Hilo nimewasamehe. Lakini unasimamishaje filamu hapo? Iache iende kidogo. Rais anasema hayo ni mauaji ya halaiki, si vita. Turgidson hatetei kanuni yoyote, anapunguza bei: milioni 10 hadi 20, haizidi hapo, kutegemea na bahati. Kwenye fumbo la treni idadi ya maiti haina mjadala. Hapa anayeitaja ndiye anayeuza vita, na hesabu yote imesimama juu ya dai lake kwamba watateketeza asilimia 90 ya nyuklia za Wasovieti. Mbele yake kuna jalada la shabaha za dunia zilizopimwa kwa vifo vya mamilioni. Kichekesho kiko hapo, na maadili yako hapo hapo. Ukipiga kura umeshanunua.

Nikauliza, hizo namba katoa wapi? Nikajibiwa, "Hapa si kibanda cha video, twende na muda," na maikrofoni yangu ikazimwa.

Haya, haki yao niwape. Kipande cha mtambo wa kiama, mashine ya Wasovieti inayoangamiza dunia yenyewe wakishambuliwa, walikifundisha vizuri mno, kwa kutumia hoja ya mwanafalsafa Gregory Kavka ya 1978: je, yawezekana ikawa sawa kukusudia jambo ambalo kulitenda ni uovu? Wasovieti wanaukwepa mtego kwa kuiachia mashine ikusudie, halafu wanaifanya siri mpaka Jumatatu, siku waliyopanga kuitangaza, wakati kitisho kisichojulikana hakimzuii mtu. Nilicheka peke yangu, hasira ikapoa.

Nyota tatu, basi. Hapana, mbili. Maikrofoni haikuwashwa mpaka mwisho.