Cherehani ya nyanya, mota ya leo: kipi ununue kwanza

Nyumba nyingi za Langoni na Mkomani, mitaa ya mji wa Lamu, bado zina cherehani ya Singer ya miguu, ile nyeusi yenye maua ya dhahabu. Kiwanda kikubwa cha Singer cha Clydebank, Uskoti, kilifungwa 1980, lakini vyuma vyake vinaendelea kushona kanzu. Siku hizi vijana wanataka kuvitia mota na taa, na nawaunga mkono kwa sharti moja: kifaa kikitaka chuma kitobolewe, kirudishe dukani. Tobo halizibiki, na hewa ya chumvi ya Lamu itaanzia hapo hapo kula.

Cha kwanza nunua taa ya LED yenye sumaku. Hakuna kingine chenye faida kubwa kwa pesa ndogo hivyo. Sumaku inashika mwili wa cherehani wenyewe, shingo ya taa unaipinda mpaka mwanga uangukie sindanoni, na anayeshona kitambaa cheusi cha buibui usiku atakushukuru. Zile za kubandika kwa gundi ziache: siku ukizibandua, maua ya dhahabu yanatoka nazo.

Cha pili ni mota ndogo ya kando, ya wati 100 hivi, yenye kanyagio lake. Kabla ya kulipa, tazama nyuma ya nguzo ya cherehani, chini ya gurudumu la mkono. Ukikuta kinundu chenye tobo la skrubu, mota itakaa hapo bila taabu. Cherehani za zamani zaidi, zenye gurudumu la spoku, mara nyingi hazina kinundu hicho. Hapo tafuta kishikio cha kubana kwenye meza, au uendelee na miguu.

Soma kibandiko cha mota kwa makini. Kiandikwe volti 220–240 na hezi 50. Mota za mitumba zilizotengenezewa Marekani ni za volti 110, na ukiichomeka moja kwa moja kwenye stima yetu itaungua. Kagua pia waya, maana mwili wa cherehani ni chuma kitupu na mkono wa fundi hautoki juu yake. Waya uliochunika usiukubali, na kama mota ina waya wa ardhini, fundi wa umeme auunge kweli, asiukate.

Mkanda wa mpira usikazwe kama kamba ya tanga. Ukiubonyeza kwa kidole ubonyee kidogo. Ukikaza sana mota inapata moto na bushi, zile pete za ndani zinazoshika mhimili, zinalika. Washa polepole uone gurudumu linazunguka kuja kwako. Likienda kinyume, uzi utajifunga chini, na mota hiyo haikufai.

Mkanda wa ngozi, ule wa kuendeshea kwa miguu, usiutupe. Stima ikikatika wiki ya Maulidi na kanzu za watu ziko mezani, unavua ule wa mpira, unapitisha wa ngozi kwenye mfereji ule ule wa gurudumu, kazi inaendelea kwa miguu. Mwenye sola ya volti 12 ajue kwamba mota ya wati 100 itavuta ampea kama 10 kwenye betri ikikanyagwa mpaka mwisho, kwa hiyo betri ndogo ya taa za nyumbani haitamfikisha mbali.

Cha tatu ni viguu vipya, vile vinavyokandamiza kitambaa chini ya sindano: cha zipu, cha pindo, cha kukunja. Cherehani hizi za nyumbani kwa kawaida huchukua viguu vya shina fupi (shina ni ile sehemu ya juu inayofungwa kwenye mashine), na vya shina refu havitashika. Nenda dukani na kiguu chako cha zamani mfukoni, mlinganishe. Sindano za kawaida za nyumbani, 15x1, zinaingia kwenye Singer 15 na ndugu zake, na zinapatikana kirahisi.

Mwisho kabisa naweka mota ya servo ya mashine za kiwandani. Ni nzuri sana, kimya, haili stima ovyo, lakini ina nguvu kupita kiasi kwa chuma cha nyumbani, na inataka meza yake yenyewe. Anayeihitaji anunue mashine ya kiwandani nzima.

Ukiagiza Mombasa, sisitiza mota ifungwe kwa nailoni kabla ya kupakiwa boti ya Mokowe, gati la bara la kuvukia Lamu. Na chupa ya mafuta ya cherehani uiagize humo humo. Ya nazi yanaganda ndani ya bushi, na hapo hata mota nzuri itashindwa kulizungusha gurudumu.