LaserJet 1020 bado inapiga kazi, shida ni kompyuta unayoifunga nayo

Wakuu, hii ni kwa wenye steshenari ndogo na ofisi zenye kompyuta za zamani, maana karatasi zikianza kuchelewa tu kila mtu anarukia kulaumu printa. Mimi niko Morogoro, natumia HP LaserJet 1020, toleo la tangu 2005, nilinunua used, na kwa kazi za maandishi meusi sioni sababu ya kuitupa. Katriji yake ni ile 12A, iko kila duka, mafundi wa kujaza tona wanaifungua macho yamefumba, ikiwa mpya wenyewe HP wanaihesabia kurasa kama 2,000. Spidi wameandika A4 14 kwa dakika na zinafika kweli, sharti kompyuta iweze kuilisha.

Na hapo kwenye kulisha ndo penye ishu. Hizi printa ndogo za bei rahisi hazina akili yao. Kuna printa unaitumia faili inajichorea ukurasa yenyewe ndani, hii hapana, kompyuta ndo mpishi, printa ni mhudumu wa kupeleka sahani tu mezani. Ukurasa mmoja wa A4 kwa 600 dpi (yaani doti 600 kwa kila inchi) una doti zaidi ya milioni 34, zote hizo zinapigwa hesabu na prosesa yako, zinakandamizwa, afu zinapita kwenye waya wa USB, na printa yenyewe ina memori ya MB 2 tu. Hata ile firmware yake, programu ya ndani inayoiendesha, inapewa na kompyuta kila ukiiwasha, kwa hiyo umeme ukikatika na kurudi usishangae ikajifikiria kidogo kabla ya kukubali kazi.

Sasa ifunge kwenye desktopu ya prosesa ya zamani ya Core 2 Duo yenye ramu ya GB 2 na hadidiski ya enzi zile, juu yake Windows 10, Chrome ina tabu kibao, antivirus inaskani kila kitu kinachopita. Kipindi cha maombi ya mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ndo utajua hujui. Mtoto wa form six anakuja na fomu, anataka kuprinti akapate sahihi ya mdhamini na muhuri wa serikali ya mtaa, nyuma yake kuna wengine, wewe umebofya Print na printa imenyamaza tuliii, taa inamulika tu. Unabofya tena. Ukibofya tena umeongeza foleni, baadae zinatoka nakala tatu za mtu mmoja na karatasi ni zako.

Fundi wa kwanza niliyemwita aliiangalia printa dakika mbili akasema fuza, ile sehemu ya moto inayoshikisha wino kwenye karatasi, imekufa, ninunue nyingine, na bahati nzuri kwake alikuwa nayo ya kuniuzia. Sikumpa hela. Fuza ikifa wino haushiki, ukipitisha kidole unafutika, yangu ilikuwa inatoa safi kabisa ila kwa kuchelewa. Yani hilo lenyewe lilitosha kujua anabahatisha.

Fundi wa pili, kijana tu ana meza yake karibu na stendi, huyu nampa nyota zote. Hakugusa bisibisi. Alituma kazi akakaa anasikiliza. Akaniambia angalia mda unaoliwa wapi. Ukibofya na mota haingurumi kwa mda mrefu, ila ikishaanza zinatoka chap chap, basi kompyuta ndo inasota kuandaa faili. Ikitoa moja ikasimama, ikatoa nyingine ikasimama, data haifiki kwa wakati, angalia waya na ramu. Ikitoa zote polepole kwa mwendo uleule mmoja, ingia kwenye setingi uone aina ya karatasi, mara nyingi mtu alichagua karatasi nzito siku akitoa vyeti na hakurudisha, na kwenye karatasi nzito printa inajipunguza mwendo makusudi ili wino uive.

Yangu ilikuwa ya kwanza na ya pili kwa pamoja. Akafungua folda ya spool\PRINTERS ndani ya System32, pale Windows inapoweka kazi zinazosubiri kuprintiwa, mle kulikuwa na mafaili ya SPL na SHD ya kazi zilizokwama za miezi na miezi. Akasimamisha Print Spooler, huduma ya Windows inayosimamia foleni hiyo, akafuta yote, akaiwasha tena. Kwenye Advanced ya printa akaweka ianze kuprinti hapohapo badala ya kusubiri ukurasa wa mwisho uingie kwenye foleni. Ubora akashusha kutoka FastRes 1200 kwenda 600, na kwa fomu na barua hakuna mteja atakayeona tofauti. Waya wangu ulikuwa umepita kwenye hub pamoja na mausi na flashi za wateja, akauhamishia nyuma ya CPU moja kwa moja. Hela niliyotumia ya maana ni kuongeza ramu na kufunga SSD, diski ya kisasa yenye kasi, badala ya ile hadidiski, haikufika laki pamoja na ufundi, na sio printa tu, mashine nzima imebadilika tabia.

Kuna kitu kimoja hakiponi kwa hayo yote, navyo ni vile vyeti mtu kapiga picha na simu, kavibandika kwenye Word kurasa kumi, faili limevimba. Hizo punguza picha kwanza kwa Compress Pictures ndo uprinti. Na PDF ikichelewa kuliko kawaida chungulia kama kuna mtu kaweka tiki kwenye Print as image, kwa maandishi ya kawaida hiyo itoe.

Kasoro za printa yenyewe zipo. Trei inabeba karatasi 150 tu, kuprinti pande mbili ni kugeuza kwa mkono, na ukinunua used rola ya kuvuta karatasi inaweza kuwa imeshalainika, inavuta mbili mbili au haivuti kabisa, kwa hiyo kabla hujatoa hela mwambie muuzaji atoe kurasa ishirini mfululizo mbele yako. Ukitaka rangi au mteja atume kutoka kwenye simu kwa Wi-Fi, hii ni waya wa USB tu, chukua nyingine.