TAHADHARI: Fundi umeme "anayetibu" breka inayojizima, wapangaji wa Tabata tuwe macho

Ndugu zangu mliopanga Tabata, Segerea na Kinyerezi, kuna mtu anapita kwenye nyumba zetu akijiita fundi umeme. Mimi ameshanitapeli, na nusura aniunguzie watoto. Jina na namba yake siweki hapa kwa sababu suala liko serikali za mtaa, na namba yenyewe haijasajiliwa kwa jina lake. Nitawaeleza anavyofanya kazi, maana akibadilisha namba kesho mchezo utabaki ule ule.

Nimepanga vyumba viwili na jiko kwenye nyumba ya wapangaji watano. Breka ya jikoni ilianza tabia ya kujizima. Naweza kukaa siku mbili salama, ya tatu nikiwasha jiko la umeme na birika pamoja, tap, giza. Unairudisha, unapika, inajizima tena. Kwa jinsi nilivyokuwa naisaka gizani nilishaipaka kidoa cha rangi ya kucha nyekundu ili niijue haraka.

Mama mwenye nyumba anaishi Moshi. Nikampigia, akasema, "Mwanangu, tafuta fundi hapo hapo, tutakatana kwenye kodi." Jirani akanipa namba aliyoitoa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo: fundi umeme, saa 24, na neno TANESCO kwa herufi kubwa kuliko zote. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Watu wa TANESCO kazi yao ni kuanzia kwenye nguzo mpaka kwenye mita. Soketi yako ikiungua ndani, hiyo ni ya mwenye nyumba na fundi wake. Anayejitangazia kazi za ndani kwa jina la shirika ameshakudanganya kabla hajafika. Ukiwa na shaka piga 180 uwaulize wenyewe.

Alifika na bodaboda, mkononi hana begi. Testa mfuko wa shati, plaizi mfuko wa nyuma. Hakuuliza natumia vyombo gani jikoni, wala soketi hakuigusa, japo nilimwambia inanuka kama plastiki imechomwa. Alifungua boksi la breka bila kuzima meni swichi, akacheka: "Dada yangu, breka imechoka hii. Hizi za ampea 16 ni za zamani, hazibebi vyombo vya sasa." Akatoa nyingine mfukoni, haina hata boksi lake, imeandikwa C40, yaani ya ampea 40. Breka elfu 45, ufundi elfu 20. Risiti angeileta. Nilipotuma pesa jina likatokea la mwanamke. "Ni laini ya wife."

Wakati anaondoka akaniegemea mlangoni kwa sauti ya chini: kwa elfu 80 anaweza kuipanga mita iwe inakula uniti nusu. Nilikataa, ila nawaomba msikilize hapa vizuri. Kuchezea mita au kukata ile sili ni wizi wa umeme, na Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inaihesabu kuwa kosa. Wakaguzi wakija watamkuta mpangaji. Fundi atakuwa ameshahama mtaa.

Kwa siku nane nilimsifia kila mahali. Breka haikujizima hata mara moja! Nilipika ugali, maji yakichemka pembeni, friji inaunguruma, raha mustarehe.

Siku ya tisa, saa mbili usiku, mwanangu wa pili akaniambia, "Mama, ukuta unatoa moshi." Nilidhani utani. Soketi ilikuwa imekunjamana kama karanga iliyoungua, na juu yake rangi ya ukuta imefura mapovu. Nilikimbilia kwenye boksi nikakuta breka iko juu vilevile, imetulia, kama vile hakuna kitu. Nilizima meni swichi kwa mpini wa mwiko wenye ugali, maana mkono ulikataa kwenda.

Kesho yake mfanyakazi mwenzangu akaniletea fundi wake, mzee mmoja aliyesomea VETA. Kabla ya kutoa bisibisi alitoa leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, akataka nilinganishe jina na kitambulisho chake cha NIDA. Sikujua kama mafundi umeme wana leseni na madaraja. Wanazo, EWURA ndio wanaozitoa, na fundi halali hachukii ukimuuliza. Yule wa kwanza ningemuuliza tu, nadhani angekumbuka ana kazi nyingine Gongo la Mboto.

Mzee alizima, akapima kuhakikisha pamekufa kweli, ndipo akaivuta ile soketi. Nyuma yake waya ulikuwa wa milimita 1.5, wa kubebea taa, umeunganishwa katikati kwa kusokotwa tu na kuviringishwa kipande cha rambo, mfuko wa plastiki. Rambo! Zimepigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini ukutani kwangu ipo moja, na hiyo ni dhambi ya aliyejenga nyumba. Waya wa ethi, ule wa njano na kijani unaopeleka umeme uliovuja ardhini, ulikuwa umekatwa na kukunjwa pembeni.

Akaniuliza maswali ambayo yule hakuuliza. Jiko lako wati ngapi? Tukageuza, 2,500. Birika? 2,200. Akanipigia hesabu kwenye simu yangu mwenyewe: 4,700 gawanya kwa volti 230, unapata ampea 20 na ushee, bado friji hujaihesabu. "Breka ya 16 ilikuwa inalalamika kwa haki," akasema. "Waya huu hauwezi kuvuka hapo. Kazi ya breka ni kulinda waya ulioko ukutani. Ukiweka ya 40, waya utaungua kwanza, breka ikiwa inaangalia." Yaani nililipa elfu 65 ili kumziba mdomo mlinzi.

Alivuta waya mpya wa 2.5 wenye breka yake ya 20 kwa ajili ya jikoni, akarudisha ethi, akanikataza kuwasha jiko na birika kwa wakati mmoja. Siku nzima, na risiti ya duka la vifaa ameniachia. Mama mwenye nyumba nilimtumia picha za ule waya, akalipa bila ubishi. Wengine hawana bahati hiyo, kwa hiyo kabla hujamwita fundi pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa meseji, iandikwe nani analipa, na picha za kabla na baada uzihifadhi.

Kama umewahi kutengenezewa na mtu wa aina hii, usifungue chochote mwenyewe. Soma tu namba iliyoandikwa usoni mwa breka, inaonekana bila kugusa skrubu. Ukikuta ya soketi au ya taa imepandishwa ghafla kuwa 40 au 63, zima hiyo njia na umwite mwenye leseni. Na breka ikianza kujizima, kabla ya kutoa hata mia, chomoa vyombo, uone kipi kikirudi ndio inajizima. Jibu hilo peke yake litakuonyesha fundi anaijua kazi au la, maana anayeijua atalitaka.

Halafu kuna hili, nimelijua Jumapili. Nilikwenda kumsalimia dada mmoja nyumba ya tatu kutoka kwetu, naye ameshatengenezewa na mtu huyo huyo, breka "mpya" ya taa, elfu 35. Akanifungulia boksi nione. Ilikuwa 16, na kwenye kitufe chake kuna kidoa chekundu cha rangi ya kucha.