Karakana ya fremu za resi Pasua, Moshi: nilivyorudishiwa Gazelle yangu

Wakuu, hii ni kwa nyie mnaonunua fremu za resi za mtumba, zile za chuma zinazokuja na kontena kutoka Uholanzi zimechanganywa na baiskeli za akina mama na za watoto. Kuna mzee ana karakana Pasua, haina kibao wala nini, ukifika ulizia fundi wa baiskeli za resi utaonyeshwa. Nimeona niiandike vizuri mana fremu nyingi nzuri zinaharibiwa hapa Arusha na Moshi kwa sababu tu aliyezishika hajui ameshika nini.

Yangu nliichukua Arusha kwenye rundo la baiskeli za kontena. Imepakwa rangi nyeusi ya brashi mpaka kwenye nati, siti imeng'ang'ania ndani haipandi haishuki, na kile kidaraja cha nyuma cha kufungia breki kimeachia upande mmoja. Muuzaji akasema ni mchina wa zamani. Kabla ya kwenda Moshi kuna fundi wa kuchomelea alishaitazama, akasema anapiga umeme pale kwenye kidaraja, dakika mbili kazi imeisha. Nikakataa, na nashukuru nilikataa, sababu zitakuja.

Kilichonifurahisha kwa huyu mzee ni kwamba hagusi fremu mpaka aijue. Nimesalimia, shikamoo, marahaba mwanangu, akaichukua akaigeuza juu chini, na kitu cha kwanza hakutazama rangi wala maandishi, alitazama yale masikio ya nyuma panapokaa ekseli ya gurudumu. Akapitisha kitambaa chenye thina pale, yakatokea maandishi Campagnolo, kampuni ya Italia ya vifaa vya resi, yamechorwa kwenye chuma chenyewe, na zile skrubu ndogo mbili za kurekebishia gurudumu bado zipo. Akaniambia fremu ya bei rahisi masikio yake ni bati lililokatwa na kukandamizwa, haya ni chuma kilichofuliwa, mtu hawezi kununua masikio ya Campagnolo halafu ayafunge kwenye mabomba ya hovyo. Kisha akatazama zile soketi za kuungia mabomba, akanionyesha kingo zake zimepigwa tupa zikawa nyembamba, hazina uvimbe wa shaba uliomwagika. Hiyo ni kazi ya mkono.

Hapo bado hajasema ni ya nani. Alitaka kipenyo cha bomba la siti na hakikupatikana mpaka ile siti itoke, na hapa nimpe sifa zake zote, mana nguzo ya siti ya alumini ikikaa miaka ndani ya bomba la chuma na unyevu inashikana kama imemwagiwa saruji. Mafundi wengi wanachukua nyundo au wanapasha moto mpaka rangi inaungua. Yeye aligeuza fremu miguu juu, akamimina mafuta ya kulainisha kutu kupitia tundu la chini ili yashukie kwenye nguzo, akaiacha ilale hivyo, kesho yake akaongeza, akaacha tena. Halafu akabana ile nguzo kwenye jiliwa, sio fremu, nguzo, akashika fremu yenyewe kwa mikono miwili akaizungusha taratibu kama usukani. Ilitoa mlio ukasema bomba linakatika. Ikatoka nzima.

Akapima kwa kalipa: milimita 27.2. Akasema sasa tunaongea. Fremu za chuma cha kawaida nguzo zake huwa nyembamba zaidi, 26 na kushuka, kwa sababu ukuta wa bomba ni mnene na nafasi ndani inapungua. Ikifika 27.2 maana yake bomba ni jembamba la daraja la juu, inaweza kuwa Reynolds 531 ya Uingereza au Columbus ya Italia, kipimo peke yake hakikuambii ipi. Ndo akaanza kulainisha rangi nyeusi kidogo kidogo kwenye bomba la siti, kipande cha kiganja tu, kwa thina na pamba. Ikaonekana nusu ya kibandiko cha Reynolds 531. Akahamia bomba la chini, zikatoka herufi MONDIAL. Gazelle Champion Mondial, kutoka kiwanda cha Dieren, Uholanzi, kampuni iliyoanza 1892. Mchina wa zamani, eti!

Na mzee hamalizii kwenye kibandiko. Anasema kibandiko anabandika yeyote, kwa hiyo kibandiko, kipenyo, masikio na ufundi wa soketi lazima viseme jambo moja. Mimi kwa hili tu nampa maksi zote. Akasafisha na namba iliyogongwa chini ya bomba linalobeba ekseli ya pedali, akaisugulia chaki ili isomeke, akanipa nipige picha kabla rangi mpya haijaifunika. Gia ya nyuma ilikuwa Campagnolo imeandikwa PATENT-74, nami nikarukia kusema basi ni ya 1974, akanituliza kwamba huo ni mwaka wa gia, na gia inaweza kuhama baiskeli tatu. Kwenye vifaa vya Shimano vya zamani kuna herufi mbili, ya kwanza mwaka ambapo A ni 1976, B ni 1977 na kuendelea, ya pili mwezi. Kama vifaa vingi vya baiskeli moja vinaangukia miaka inayokaribiana ndo unaanza kuamini umri wa fremu.

Anazijua na nyingine. Koga-Miyata kwa mfano, kampuni ya Heerenveen iliyoanza 1974 ikawa inatumia mabomba ya Miyata ya Japani, hizo usitafute kibandiko cha Reynolds ukikosa ukadhani umeuziwa takataka. RIH za Amsterdam anasema hajawahi kuletewa na anaisubiri kwa hamu, mtu mwenye nayo ampelekee jamani.

Sasa kuhusu kutu. Ana pipa la plastiki, anajaza maji anatia magadi, haya haya ya sokoni tunayowekea maharage, anazungushia vipande vya vyuma chakavu, chaja ya betri ya gari upande chanya kwenye chakavu, upande hasi kwenye fremu. Kutu inalegea yenyewe na chuma kizima hakiliwi, tofauti na asidi au jiwe la grainda. Alumini yote anaitoa kwanza mana magadi yanaila, chuma cha pua hatumii kama chakavu kwa sababu kinatoa sumu, na pipa liko nje kwa kuwa linatoa gesi inayoshika moto. Fremu ikitoka anaikausha juani halafu anamwagia mafuta ndani ya mabomba yote. Hapo ndani ndo fremu za chuma zinapofia na wewe nje unaona rangi inang'aa.

Kidaraja cha breki alikiunga kwa gesi na fimbo ya fedha. Fimbo hiyo ya fedha inayeyuka kwenye nyuzi 650 hivi, shaba ya kuchomelea inaenda kwenye 900, na Reynolds 531 ikipigwa moto mkali au umeme inadhoofika pembeni ya kiungo, inakatika pale pale ukiwa unashuka mlima. Sasa fikiria ni breki ya nyuma. Nilikaa pembeni naangalia, akapaka dawa nyeupe, akazungusha moto kwa mbali mpaka dawa ikawa kama maji, akagusa fimbo mara moja tu, fedha ikanyonywa kuzunguka kiungo chote. Ukipitisha ukucha husikii ngazi.

Upana wa nyuma aliupima ukawa milimita 126, ni wa gia sita au saba. Anaweza kukupanulia mpaka 130 upate magurudumu ya kisasa, anapinda kidogo kila upande na kuhakikisha kwa uzi kwamba pande zote ziko sawa. Ila ikiwa ni Reynolds 753 hakubali, hiyo ilipikwa ngumu na ni nyembamba mno. Mimi nliiacha 126.

Rangi ndo sehemu ambayo sikuridhika. Yeye hapulizi, anapeleka kwa kijana wa rangi za magari, na kijana kaweka praima nene mpaka kingo za soketi zimefifia na namba ya chini inasomeka kwa shida. Kile chuma cha kromu kwenye masikio na foku mzee alikisafisha mwenyewe kwa karatasi ya foili na maji, kikatoka safi, kijana akakipulizia klia juu ambayo najua itabanduka. Ukienda omba uongee na mpulizaji mwenyewe, mwambie praima nyembamba na kromu asiiguse. Vibandiko vipya hana, inabidi uagize nje.

Bei: elfu 30 kukagua na kuitambua, na hata usipotengeneza kwake anakuelezea yote na kukuandikia vipimo. Kutoa siti, pipa la magadi, kidaraja, kunyoosha na gololi mpya za shingo ilikuwa laki na 80. Rangi elfu 90 juu yake, kwa kazi ile naiona ghali. Muda anaokwambia zidisha mara mbili, na simu hapokei akiwa kazini, sio dharau ndo alivyo.

Kitu kimoja mkumbuke mkishapata fremu: tairi. Dukani ukisema 28 utapewa ya Phoenix, hiyo rimu yake ni milimita 635, za resi hizi ni 622, itapwaya haishiki hata ukilia. Angalia namba ndogo ubavuni mwa tairi iishie na 622. Na kikombe cha kulia cha ekseli ya pedali, kwenye fremu zenye nyuzi za skrubu za Kiingereza kinafunguka kinyume, kwenye za Kiitaliano kinafunguka kama nati ya kawaida, kwa hiyo msimruhusu mtu akiweke spana kabla hajajua ni zipi. Mzee anapima upana wa lile bomba kwanza, 68 huwa Kiingereza, 70 Kiitaliano.

Kranki zimebaki zile zile za meno 52 na 42, kwa kupanda Machame ni mateso ya miguu, nimeshamwachia oda anitafutie meno madogo. Anafungua Jumatatu mpaka Jumamosi, Jumapili yuko kanisani.