Kijiwe cha kahawa Ngamiani, Tanga

Kahawa imekolea tangawizi, kashata freshi, bei poa. Ila kinachonirudisha pale ni tivii, jamaa anabadilisha chaneli watu wanalinganisha habari za Gaza, na unaona kabisa, zile za magharibi mateka waliochukuliwa kutoka Israeli Oktoba 7, 2023 wana majina na familia, Wapalestina wanabaki idadi na vifusi, halafu za Kiarabu hizo familia za mateka huzioni sana. Na waandishi wa nje Israeli haiwaruhusu kuingia Gaza wenyewe! Mzee mmoja akauliza mbona hawaonyeshi darizi za Wapalestina, tatreez, UNESCO waliiorodhesha 2021 kama urithi wa utamaduni, ni fahari yao kama kanga kwetu. Kweli kabisa. Viti vichache, wahini kabla ya magharibi.